Tulivyokimbia Kilomita 21: Mmoja kwa Miguu, Mwingine kwa Baiskeli

Miaka mingi tumesoma ukurasa huu wa familia na kupata mashauri ya wenzetu juu ya mashamba, watoto na ndoa. Mwezi huu tumeombwa na sisi tueleze kidogo yaliyotokea nyumbani kwetu.

Sisi ni mke na mume, Wakongo kutoka Rutshuru, na tuna watoto watano. Mwezi wa Agosti 2024, mama akiwa na miaka 46, alikimbia nusu marathoni mjini Mbarara. Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Baba mwenye miaka 51 hakukimbia, yeye alikuwa dereva wa baiskeli. Lakini tunasema "tulikimbia" kwa sababu katika mazoezi yote hakuna kilomita ambayo mmoja wetu aliifanya peke yake.

Watu wametuuliza: mlilipwa shilingi ngapi? Hatukulipwa hata moja. Ni sisi tuliolipa. Swali lingine ni gumu zaidi: chakula kimepungua hivi, ninyi mnapata wapi nguvu za kumwaga barabarani? Hilo tutalijibu bila kuficha, maana hata nyumbani kwetu lilikaribia kuleta ugomvi.

KUTEMBEA BILA MZIGO

Mwanzoni mwa 2024 mama aliumwa kichwa wiki nzima. Kwenye kituo cha afya walimpima, presha ikawa 156 kwa 98. Wakampa dawa, wakamwambia apunguze chumvi, halafu mhudumu akasema, "Mama, uwe unatembea." Akaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kutosha kuongeza mapigo ya moyo, angalau dakika 150 kwa wiki.

Mama akashangaa. "Mwanangu, mimi nachota maji, nalima, nabeba kuni. Nitembee tena kwenda wapi?"

Yule kijana akacheka. "Tembea bila mzigo, mama. Mikono mitupu."

Neno hilo lilitushika wote wawili. Oktoba 2008, vita vilipofika Rutshuru, tulitoka usiku. Mama alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, baba amemshika mkono mtoto mkubwa. Katika msukosuko tukapotezana. Baba alifika Ishasha, akavuka, akakaa upande wa Uganda akisubiri. Alisubiri siku tatu, kila kundi la watu likitokea anatazama vichwa vyote. Siku ya tatu mama akatokea na mtoto mgongoni, sufuria ameitupa. Tukapitia Matanda, ndipo tukaletwa hapa Nakivale, makazi yaliyokuwa yakipokea wakimbizi tangu 1958, sisi wenyewe hatujazaliwa.

Tangu siku hiyo mama hakukimbia tena, hata mvua imkute shambani. Alikuwa anasema, "Mimi nimekimbia ya kutosha."

Basi akaanza kutembea. Dakika 20, baadaye 30, baadaye saa nzima. Hatukupenda atembee peke yake alfajiri, kwa hiyo baba akawa anafuata nyuma na baiskeli, bidoni dogo la maji limefungwa kwenye karia. Njia ya ziwani tuliikwepa. Wanaokaa karibu na ziwa wanajua: saa zile viboko wanarudi majini kutoka kula majani, na kiboko hapendi mtu asimame kati yake na maji.

Siku moja ya Aprili, mama akajaribu kukimbia. Hakufika mbali, labda hatua 50. Akasimama, akakaa chini kando ya barabara, akalia. Alisema alisikia pumzi yake mwenyewe, na ilikuwa sauti ile ile ya usiku ule. Baba akalaza baiskeli chini, akakaa karibu naye. Hatukuongea. Jua lilipopanda tukarudi nyumbani polepole. Kesho yake mama ndiye aliyeamka kwanza.

Majirani walipomwona, maneno yakaanza. "Mkimbizi anakimbia nini tena?" Wengine wakasema ameingiwa na wazimu, wengine eti mama mzima kuvaa suruali ya michezo ni aibu. Kwa heshima alikuwa anajifunga kitenge juu yake mpaka tupite nyumba za mwisho, ndipo anakitoa na kukiweka kwenye baiskeli. Na waliomuuliza aliwajibu: "Zamani nilifukuzwa. Sasa hakuna anayenifukuza, ndiyo maana naenda polepole."

KUPIMA BARABARA KWA TAIRI

Habari za mbio za Mbarara tulizisikia kwa mwalimu mmoja. Mama akasema kwa utani, "Niandikisheni." Baba hakuchukua kama utani. Akauliza, tutajuaje kilomita 21 ni umbali gani?

Hatukuwa na saa ya kisasa wala simu ya kupima njia. Tulichukua kamba, tukaizungusha kwenye tairi la nyuma la baiskeli yetu kubwa ya mizigo, tukapata mita 2 na sentimita 20. Gawanya mita 1,000 kwa 2.2, unapata mizunguko 455 hivi. Baba akafunga kitambaa chekundu kwenye spoki, akatembeza baiskeli akihesabu. Kila mizunguko 455 akaweka jiwe kando ya njia. Watoto wa mtaa wakamsaidia kuhesabu, wakakosea mara mbili, tukaanza upya. Jioni tulikuwa na kilomita 7 zenye mawe. Kwenda, kurudi, na kwenda tena ni 21.

UGOMVI WA SUFURIA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mnajua kwamba Julai 2023 familia zilianza kugawanywa katika makundi ya mahitaji: kundi la kwanza asilimia 60 ya mgao, la pili asilimia 30, la tatu hakuna kitu. Sisi tuliwekwa la pili.

Mwezi wa Mei, tukiwa mezani, binti yetu wa miaka 15 akasema, "Mama, ukikimbia unarudi unakula sana. Sisi je?"

Baba alikasirika, akataka kumfukuza atoke nje. Mama akasema, "Mwache. Amesema kweli."

Usiku ule tulipiga hesabu. Mtu akikimbia, kwa makadirio anatumia kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita. Mama alikuwa na kilo 66. Kilomita 21 ni karibu kalori 1,390. Mashirika yanapopanga mgao kamili, yanahesabu kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Asilimia 30 yake ni 630. Maana yake mbio moja ya kilomita 21 inachoma mgao wa siku nzima wa watu wawili wa nyumba yetu, tena inabaki kidogo ya kumega wa tatu. Ukitaka kuiona kwa macho, ni kama gramu 400 za unga mkavu wa mahindi.

Tulinyamaza wote. Mama akasema anaacha. Wiki mbili hakukimbia, akatembea tu. Ni yule yule binti aliyekuja kuuliza mbona mama hacheki tena asubuhi.

Tukaita watoto wote, tukakaa kama baraza. Hapo ndipo tulitoa kanuni zetu tatu. Ya kwanza: chakula cha mbio hakitoki kwenye mgao wala kwenye sahani ya mtoto. Kinatoka kwenye kile tulichoongeza sisi wenyewe kwa jembe. Ya pili: mbio ndefu hazianzi mpaka maharage ya msimu wa kwanza yavunwe mwezi wa sita. Yasipokubali, hakuna Mbarara. Ya tatu: mwenye kikombe cha kupimia ni binti yetu. Yeye anapakulia wadogo kwanza, halafu ndipo anapima cha mama.

Maharage yalikubali. Kabla ya kuuza hata kilo, tuliweka debe moja kando. Tulikuwa pia na viazi vitamu nyuma ya nyumba, na kuku watano. Huwezi kuamini, baada ya baraza lile hakuna mtoto aliyelalamika tena. Kumbe kilichomuumiza binti yetu ilikuwa kutoulizwa. Njaa aliizoea.

WIKI KUMI NA MOJA

Tulifanya mazoezi siku tatu kwa wiki tu. Siku mbili ni kilomita 4 au 5. Jumamosi ni mbio ndefu. Tulianza na kilomita 7, tukawa tunaongeza moja au mbili kila wiki, na kila wiki ya nne tunapunguza mwili upumzike. Mbio ndefu kuliko zote kabla ya mashindano ilikuwa kilomita 18. Wiki ya mwisho tulifanya kidogo sana.

Kipimo cha mwendo kilikuwa maneno. Mama akiweza kumjibu baba sentensi nzima, mwendo ni mzuri. Akijibu neno moja moja, baba anamwambia apunguze. Alikuwa anakimbia dakika nne, anatembea moja. Mwenda pole hajikwai.

Maji tulichemsha. Siku za mbio ndefu tulichanganya lita moja ya maji hayo na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa bila kilima, ile dawa ya mtoto anayeharisha. Na kwa sababu ya presha, mama alimuuliza mhudumu kwanza. Akaambiwa aitumie siku za kutoka jasho jingi peke yake, na dawa zake asiziache.

Raba tulinunua za mitumba kwa shilingi 25,000. Tulizichagua kwa kukunja soli: ikikunjika katikati kama kitambaa, iache. Ada ya kujiandikisha na nauli tulipata kwa kuuza kuku wawili.

WALIOTUTANGULIA

Jioni watoto walikuwa wanataka hadithi za wakimbiaji, tukawasimulia tunazozijua. Tegla Loroupe wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu mfululizo, 1997, 1998 na 1999, na mwaka 2016 ndiye aliyeongoza timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio. Timu ile ilikuwa na wanamichezo kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, na wawili walikuwa Wakongo wenzetu wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika.

Hapa Uganda kuna John Akii-Bua, aliyeshinda mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Mwaka 1979 bingwa huyo naye alikimbilia Kenya na familia yake, akawa mkimbizi kama sisi. Na majirani zetu Wasomali wanajivunia Abdi Nageeye, mzaliwa wa Mogadishu anayekimbilia Uholanzi, ambaye baadaye, Novemba 2024, alishinda marathoni ya New York.

Mama alisikiliza yote, akasema, "Hao ni hao. Mimi nataka kufika tu."

SIKU YA MBARARA

Tuliondoka Base Camp Jumamosi mchana kwa takisi, watu wamebanana, vumbi mpaka kwenye meno. Tulilala Kakoba kwa muumini mwenzetu. Binti yetu alikuwa ametufungia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa safi, na kachupa kadogo ka maji ya sukari na chumvi. Alisema, "Hii ni ya njiani, usiimalize mapema."

Asubuhi mbio zilianza saa 12:30. Kulikuwa na baridi, na watu wengi vijana, wembamba, wenye raba za rangi kali. Hapo ndipo tulipoambiwa baiskeli haziruhusiwi njiani. Tukaangaliana. Miezi yote ile mama hakuwahi kukimbia bila kusikia ile mnyororo ikilia nyuma yake. Baba akasema, "Nitakuwa kwenye daraja la Rwizi." Mama akaitika kwa kichwa, akaingia kwenye kundi.

Kuanzia hapo tunaeleza mambo mawili, maana tulikuwa sehemu mbili.

Mama anasema kilomita tano za kwanza zilimdanganya. Watu wanashangilia, barabara ya lami ni laini, akajikuta anakwenda mbio kuliko kawaida. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza swali, basi akaanza kujiuliza mwenyewe kwa sauti, "Mama, watoto wako wangapi?" na kujijibu, "Watano, na majina yao ni haya." Aliposhindwa kumaliza majina kwa pumzi moja, akapunguza. Mbarara ina vilima, unapanda, unashuka, unapanda tena. Kwenye kilomita ya 9 alipita darajani, baba akapiga kelele mpaka watu wakageuka. Mama aliangalia maji ya Rwizi chini, akakumbuka kwamba mto ule ndio unaoshuka kuelekea ziwa letu la Nakivale. Anasema lilimpa moyo wazo kwamba maji yanatangulia nyumbani.

Kwenye kilomita ya 13 meza ya maji ilikuwa tupu. Chupa tupu zimetapakaa chini, kijana wa kugawa ameinua mikono. Mama akatoa kachupa ka binti yetu. Pembeni kulikuwa na mwanafunzi ameshika paja, misuli imekaza. Akampa nusu.

Baba anasema yeye alikwenda mwisho wa mbio akakaa. Alikuwa amepiga hesabu: dakika nane kwa kilomita ni saa 2 na dakika 49. Waandaaji walikuwa wamesema wakifikisha saa 3 wanafunga. Ilipofika saa 2 na nusu watu wakawa wanakuja mmoja mmoja. Saa 2 na dakika 40, barabara tupu. Anasema mikono ilianza kumtetemeka, na akajiona yuko Ishasha, anatazama vichwa. Alijiambia ni mchezo tu, hakuna anayekufa hapa. Mwili haukusikia.

Kisha kitenge kikaonekana. Mama alikuwa amejifunga kichwani juu ya jua, anakuja polepole, anasukuma mikono kama mtu anayetwanga. Alipita mwisho wa mbio kwa saa 2 na dakika 49, akaenda moja kwa moja mpaka kwa baba, akasema, "Ulidhani sirudi?"

Baba hakuweza kujibu. Aliyejibu ni yule mwanafunzi, aliyekuja nyuma dakika chache anachechemea: "Mzee, huyu ni mama yako au ni mke wako?" Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Msitutafute kwenye orodha ya washindi. Mganda Jacob Kiplimo alikimbia umbali huu Lisbon mwaka 2021 kwa dakika 57 na sekunde 31, iliyokuwa rekodi ya dunia. Mama alitumia karibu mara tatu ya muda huo. Tulirudi na medali ya bati, fulana na soda mbili. Soda tulizileta Nakivale zikiwa hazijafunguliwa, watoto wakagawana. Medali iko shingoni kwa binti yetu, hatujui lini ataivua.

MASHAURI YETU KWA FAMILIA

Septemba presha ya mama ilikuwa 138 kwa 86. Bado anameza dawa, na mhudumu alimkataza kabisa kuziacha eti kwa sababu anakimbia. Kwa wenzetu wa umri wetu wanaotaka kuanza, tunasema haya:

Pimeni presha na sukari kwanza. Mwenye kuumwa kifua, kizunguzungu au kupungukiwa pumzi ghafla asimame, aende kituoni siku hiyo hiyo.

Anzeni kwa kutembea mikono mitupu. Miezi miwili ya kutembea si kupoteza muda.

Msitumie mgao wa watoto. Kama shamba halikuongeza kitu, tembeeni tu, kutembea kunasaidia presha. Kilomita 21 si lazima kwa mtu yeyote.

Waulizeni watoto kabla ya kuamua. Wanajua hesabu ya sufuria kuliko tunavyodhani.

Na kama kukimbia kunawarudishia usiku fulani, msijilazimishe, na msikae nalo peke yenu. Kaeni chini na mtu mnayemwamini. Sisi tulikaa kando ya barabara, ikasaidia.

Sasa hivi tuko tisa, akina mama saba na akina baba wawili. Tunaanza kila Jumamosi saa 12 asubuhi, na mawe ya kilomita bado yapo pale barabarani. Tafadhali msiyaondoe kujengea majiko. Mwenye baiskeli aje nayo, maji hayajibebi yenyewe.